Mpira Uliochelewa: Uchambuzi wa Kiungo Kilichoiangusha Challenger

Asubuhi ya tarehe 28 Januari 1986, jukwaa la kurushia namba 39B huko Kennedy Space Center, Florida, lilikuwa limejaa barafu. Vijiti virefu vya barafu vilining'inia kwenye vyuma, katika jimbo ambalo watu wengi hulijua kwa joto lake. Usiku kipimajoto kilikuwa kimeshuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Ilipofika saa 5 na dakika 38 asubuhi, hewa ikiwa na nyuzi 2 tu (Wamarekani walipima kwa Farenihaiti, nami nyuzi zote humu nimezigeuza kuwa Selsiasi), Challenger, chombo cha anga cha Marekani, iliruka na watu saba: Dick Scobee, Michael Smith, Ronald McNair, Ellison Onizuka, Judith Resnik, Gregory Jarvis na Christa McAuliffe, mwalimu wa sekondari kutoka New Hampshire aliyekusudia kufundisha masomo mawili akiwa angani. Sekunde 73 baadaye chombo kilisambaratika kwenye kimo cha kilomita 14 hivi. Wote saba walifariki.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama kisa cha wakubwa waliowapuuza wahandisi wao, na ni kweli kilikuwa hivyo. Mimi nakirudia kwa sababu nyingine. Ndani yake mna jambo la maada ambalo hadi leo hulisikia likielezwa vibaya, hata na walimu wa fizikia: kwamba pete ya mpira iliyoziba kiungo cha roketi yake "iliganda ikapasuka", au "iligeuka kioo". Pete ile haikupasuka kwa baridi, wala haikugeuka kioo. Ilichelewa. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ukiielewa, mambo mengi ya usiku ule na ya asubuhi yake yanajipanga yenyewe.

Kiungo chenyewe

Challenger ilipandishwa na roketi mbili za pembeni, kila moja ikiwa na urefu wa mita 45 hivi na kipenyo cha mita 3.7. Ziliundwa na kampuni ya Morton Thiokol huko Utah, mbali sana na Florida, na gogo la ukubwa huo halisafirishiki kwa treni likiwa zima. Kwa hiyo roketi ilisafiri kwa vipande vinne vikubwa vilivyokwishajazwa fueli, vikaja kupandishwa kimoja juu ya kingine karibu na mahali pa kurushia. Kila vipande viwili vilipokutana palikuwa na kiungo. Ukingo wa kipande cha juu ulishuka kama ulimi ukaingia katikati ya midomo miwili ya kipande cha chini, kisha pini 177 za chuma zikachomekwa kuzunguka mduara mzima ili visiachane.

Pini hushika mzigo, gesi hazizuii. Kazi ya kuzuia gesi ilipewa pete mbili za mpira zilizokaa kwenye mifereji ndani ya mdomo, moja juu ya nyingine. Mafundi wa pampu na magari wanazijua kwa jina la oringi. Oringi za bomba la kawaida unaweza kuzitia mfukoni kumi kwa mara moja. Hizi zilikuwa na unene wa milimita 7.1 na mzunguko wa zaidi ya mita 11, na zilitakiwa kuzuia gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi 3,000. Kabla ya gesi kuzifikia, kulikuwa na puti maalumu ya kuzikinga na moto.

Hapo ndipo ulipo ugumu ambao mtu asiyeutazama kiungo hicho kwa karibu hawezi kuuona. Pete ya bomba la maji hubanwa mara moja ikatulia. Chuma kilichoibana hakisogei tena. Hapa chuma kilisogea. Fueli ilipowaka, shinikizo lilipanda kutoka sifuri hadi kilele katika muda wa sekunde 0.6 hivi, na ukuta wa roketi ukavimba kama puto. Kwenye kiungo ukuta ni mnene zaidi, kwa hiyo haukuvimba sawa na sehemu za juu na chini yake. Matokeo yake kiungo kilipinda kidogo, na mdomo ukauachia ulimi. Mwanya uliokuwa umebana pete ukapanuka kwa sehemu ya milimita.

Sehemu ya milimita si kitu, utasema. Lakini itazame kwa macho ya pete. Imekaa wiki kadhaa ikiwa imebanwa, umbo lake la duara limesagika. Ghafla chuma kinachoibana kinaondoka, na inabidi ikifuate kwa kasi ileile, kwa sababu pakitokea uwazi hata wa unywele gesi itaingia na kuanza kuila. Hapakuwa na mtu aliyeiomba pete hiyo kuwa imara. Iliombwa kuwa ya haraka.

Maada isiyo na gwaride

Chukua chumvi, sukari, au chuma cha zile pini 177. Ndani yake atomi zimepangwa safu kwa safu kama askari kwenye gwaride. Hizo ni fuwele. Sasa chukua kioo cha dirisha, rula ya plastiki inayopenya mwanga, au mpira wa oringi. Humo hakuna gwaride. Molekuli zimekaa ovyo, kila moja pale ilipokutwa na jirani zake. Wanasayansi huziita yabisi amofasi, na tabia ya maada hizo zinapobanwa, kuvutwa au kukunjwa ni fani nzima inayowashughulisha watu mpaka sasa.

Mfano ulio karibu nasi ni daladala ya jioni inayotoka Kariakoo. Abiria wa kiti cha nyuma anataka kushuka. Hajafungwa kamba, mlango uko wazi, lakini hawezi kupiga hatua mpaka aliye mbele yake apishe, na huyo hawezi kupisha mpaka wa mbele yake naye asogee. Kila mmoja amefungwa na wenzake. Ndivyo molekuli zinavyoishi ndani ya yabisi amofasi. Ukiibana, nyingi huegemea tu pale pale zilipo, na ukiachia huinuka. Hapa na pale kikundi kidogo cha majirani hupata nafasi, kikajipanga upya kwa mara moja, na hao hawarudi walikotoka kirahisi. Mwaka 1979 Ali Argon wa chuo cha MIT alionyesha jambo hili kwa tabaka la viputo vya sabuni vilivyoelea juu ya maji: ulipolisukuma tabaka, mabadiliko hayakuenea sawasawa, yalitokea kwa vikundi vya viputo vichache vichache. Ni jaribio zuri mno, kwa sababu linaonekana kwa macho.

Sasa ingiza joto. Joto ndilo linalowapa abiria nguvu ya kusukumana. Likiwa la kutosha, kila mmoja hupata upenyo upesi. Likipungua, kupishana huchukua muda mrefu zaidi, na muda huo haurefuki kidogo kidogo kwa ulinganifu. Unarefuka kwa kuzidishwa. Mwaka 1955 Malcolm Williams, Robert Landel na John Ferry walitoa kanuni ya jinsi muda huo unavyobadilika na joto katika polima (maada za minyororo mirefu ya molekuli, kama mpira na plastiki), na kwa kanuni hiyo, ukifika karibu na kiwango cha kugeuka kioo, nyuzi tatu tu za baridi zinatosha kuuzidisha mara kumi. Nyuzi tatu nyingine, mara kumi tena. Hatimaye kupishana kunachukua muda mrefu kiasi kwamba kwa mtu anayetazama hakuna kinachosogea. Hapo maada imegeuka kioo, hata kama molekuli zake zimekaa ovyo vilevile kama zilivyokuwa mwanzo.

Kila maada ya namna hii ina kiwango chake. Kioo cha dirisha hugeuka kwenye nyuzi 550 hivi. Rula ya polistirini, karibu na nyuzi 100, ndiyo maana ukiisahau kwenye maji yanayochemka hulegea. Mpira asilia hugeuka kwenye nyuzi 70 hivi chini ya sifuri. Mpira wa pete za Challenger ulikuwa wa jamii ya Viton, uliotengenezwa maalumu kustahimili joto kali na kemikali, na wenyewe hugeuka kioo karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri. Ona hapo palivyo na mtego: mpira uliochaguliwa kwa sababu haudhuriki na moto ndio uliokaribia zaidi kudhurika na baridi.

Kwenye upande wa kivuli wa roketi ya kulia, pale kiungo cha chini kilipovuja, joto la pete lilikadiriwa baadaye kuwa nyuzi 2 chini ya sifuri. Upande wa pili, uliopigwa na jua la asubuhi, lilikadiriwa kuwa nyuzi 10 juu ya sifuri. Bado palikuwa na nyuzi kama 18 kabla ya kufika kwenye kioo. Ndiyo maana nasema wanaodai mpira uligeuka kioo wanakosea. Ulikuwa mpira bado. Ungeushika mkononi ungekunjika.

Nguvu ya kurudi na njia ya kurudi

Kwa nini mpira hurudi ukiuachia? Springi ya chuma hurudi kwa sababu umevuta vifungo vya atomi zake, navyo vinataka urefu wao wa awali. Mpira una sababu nyingine kabisa. Ndani yake mna minyororo mirefu ya molekuli iliyojikunja ovyo kama tambi kwenye sahani, na imefungwa pamoja hapa na pale kwa vifundo. Ukiuvuta au kuubana, vifungo vya atomi huvigusi sana. Unachofanya ni kuinyima minyororo uhuru wake wa kukaa kwa namna nyingi. Ukiachia, mtikisiko wa joto lenyewe unairudisha kwenye ovyo wake. Unaweza kulihisi jambo hili sasa hivi. Chukua raba bendi nene, iguse mdomoni, ivute kwa ghafla: itakuwa ya vuguvugu. Iachie irudi: itapoa. John Gough, Mwingereza aliyekuwa kipofu, aliligundua hivyo hivyo kwa midomo yake na kuliandika mwaka 1805.

Kwa hiyo pete iliyobanwa ina mambo mawili. Kuna nguvu inayoisukuma irudi, na kuna msuguano wa majirani ambao lazima minyororo ipenye katikati yao. Baridi ya nyuzi chache haipunguzi sana ile nguvu ya kwanza. Inachofanya ni kuziba njia. Nguvu ya kurudi ipo, ila barabara haipitiki.

Umewahi kulala kwenye yale magodoro mapya ambayo ukikandamiza kiganja alama inabaki, kisha inajaa polepole mpaka ikapotea? Ni jambo lilelile. Sponji yake imetengenezwa makusudi ili kiwango chake cha kugeuka kioo kiwe karibu na joto la chumbani, ichelewe kurudi. Kwa godoro, kuchelewa ni starehe. Kwa pete inayozuia gesi ya moto, ni jambo jingine kabisa.

Vipimo vya Thompson

Mwaka 1985, miezi kadhaa kabla ya ajali, mhandisi Arnold Thompson wa Morton Thiokol aliijaribu tabia hii moja kwa moja. Alibana vipande vya mpira wa pete kati ya vyuma viwili, akavitenganisha vyuma kwa kama robo tatu ya milimita, akapima ni baada ya muda gani mpira ungekigusa chuma tena. Kwenye nyuzi 38 mpira haukukiacha chuma hata kidogo. Kwenye nyuzi 24 ulikiacha kwa sekunde 2.4. Kwenye nyuzi 10, baada ya dakika 10 ulikuwa bado haujakigusa, na jaribio likasimamishwa.

Namba hizi nimezirudia mara nyingi na kila mara zinanishtua upya. Kutoka nyuzi 24 hadi nyuzi 10 ni tofauti ya fulana na sweta. Kwa mpira ule ilikuwa tofauti ya sekunde mbili na nusu na zaidi ya dakika kumi. Kiungo kilikuwa kinatoa sekunde 0.6.

Lakini ziangalie tena kwa utulivu, maana zinasema jambo zito zaidi ya "baridi ni mbaya". Sekunde 2.4 za nyuzi 24 nazo ni mara nne ya muda uliokuwepo. Maana yake ni kwamba hata kwenye hali ya hewa nzuri mpira ule, ukitegemea mnyumbuko wake peke yake, ulikuwa hauwezi kukifuata chuma. Kilichookoa safari zilizotangulia ni gesi yenyewe. Ilipoingia kwenye mfereji ilikaa nyuma ya pete na kuisukuma kwa nguvu kwenye mwanya, ikauziba. Kiungo kilikuwa kinajizibia kwa kutumia adui wake. Hili si jambo la ajabu katika ufundi wa oringi, nyingi hufanya kazi hivyo, lakini linahitaji vitu viwili: gesi ipate nafasi ya kukaa nyuma ya pete, na pete iwe laini kiasi cha kusogea ndani ya muda.

Asubuhi ile vyote viwili vilikosekana. Vipande vya roketi vilikuwa vya kutumika tena, na baada ya safari havikubaki duara kamili. Vilipounganishwa, mahali hapo hasa palipovuja chuma kilikuwa kimekaribiana mno, mwanya ukiwa wa sehemu ya kumi tu ya milimita. Pete ilibanwa hadi ikajaza mfereji wake na kugusa kuta tatu. Hapakuwa na nafasi nyuma yake kwa gesi kuingia na kuisukuma. Mpira uliobanwa zaidi ya kawaida, kwa wiki kadhaa, kisha ukapoa: huwezi kuupangia mtihani mgumu zaidi ya huo.

Usiku wa tarehe 27

Wahandisi wa Thiokol walikuwa na chati iliyogawa muda wa kuwasha katika sehemu tatu. Katika milisekunde 170 za kwanza, pete ya kwanza ikishindwa, ya pili ina nafasi nzuri ya kuziba. Kati ya milisekunde 170 na 330 nafasi hiyo inapungua. Kutoka 330 hadi 600, uwezekano mkubwa ni kwamba ya pili haitaziba, kwa sababu mwanya wake nao umekwisha kufunguka. Chati hiyo ndiyo kiini cha kisa, na imezungumzwa kidogo sana kuliko kelele za mkutano wenyewe.

Mwezi Januari 1985 chombo kingine kilikuwa kimerushwa pete zikiwa na nyuzi 12, na kilipochunguzwa, mafuta kati ya pete mbili yalikutwa yamekuwa meusi kwa masizi: gesi ilipita ya kwanza. Roger Boisjoly, mhandisi wa Thiokol, aliyaona kwa macho yake. Tarehe 31 Julai mwaka huo aliuandikia uongozi wa kampuni kwamba jambo hili lisiposhughulikiwa litaleta maafa makubwa ya kupoteza maisha ya watu. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, katika mkutano wa simu kati ya Thiokol na NASA, shirika la anga la Marekani, uliounganisha Utah, Alabama na Florida, yeye na wenzake walipendekeza chombo kisirushwe chini ya nyuzi 12.

Hoja iliyowalemea ilikuwa hii: safari nyingine, ya Oktoba 1985, pete zikiwa na nyuzi 24, nayo ilivujisha gesi kupita pete ya kwanza. Kama inavuja kwenye joto na kwenye baridi, basi baridi si sababu, waliambiwa. Ndipo naumia. Kwa mtu anayeuliza "mpira huu unazuia au hauzuii?" hoja hiyo ina nguvu. Kwa anayeuliza "mpira huu unahitaji muda gani?" haina nguvu yoyote. Kuvuja kwenye nyuzi 24 hakukuwa ushahidi kwamba baridi haina neno. Kulikuwa ushahidi kwamba hata kwenye joto pete ilikuwa inashindana na saa na kupona kwa tundu la sindano. Vipimo vya Thompson vilikuwa vimelisema hilo tayari.

Mengine yanajulikana. Thiokol waliomba dakika tano wajadiliane peke yao, wakachukua karibu nusu saa. Jerald Mason, mkubwa wa Thiokol, alimwambia Bob Lund, makamu wa rais wa uhandisi, avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Pendekezo likageuzwa. Allan McDonald, mtu wa Thiokol aliyekuwa Florida, alikataa kutia saini. Saini ikatoka Utah. Tume ya kuchunguza ajali iliyoundwa baadaye chini ya William Rogers iliweka pamoja safari zote, zilizopata hitilafu na zisizopata, jambo ambalo usiku ule halikufanyika. Kila safari iliyorushwa chini ya nyuzi 16 ilikuwa na pete iliyoungua. Kati ya 21 zilizorushwa kwenye joto hilo au zaidi, nne tu.

Sekunde

Kamera zilinasa moshi mweusi kwenye kiungo cha chini cha roketi ya kulia sekunde 0.678 baada ya kuwashwa. Tazama namba hiyo ukikumbuka ile chati: ni mara tu baada ya dirisha la milisekunde 600 kufungwa. Weusi wa moshi ulikuwa wa mpira, grisi na kinga ya joto vikiungua. Kisha moshi ukatoka kwa mapigo, kama manne kwa sekunde, na mapigo hayo yalilingana na kuyumba kwa roketi nzima pale jukwaani na wakati wa kuinuka. Chuma kilikuwa kinafungua na kufunga mwanya mara nne kwa sekunde, na mpira haukuwa na uwezo wa kufuata hata pigo moja. Katika fani nzima ya yabisi amofasi sijui picha inayoonyesha kuchelewa kwa maada waziwazi kuliko mapigo yale ya moshi.

Baada ya sekunde 2.7 moshi ukakoma. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mabaki ya fueli iliyoungua, oksidi za alumini, yaliuziba mwanya kwa muda. Roketi ikapanda. Kuanzia sekunde ya 37 ilikutana na upepo mkali unaobadilika ghafla kwa kasi na mwelekeo, uliouyumbisha mwili wake. Kwenye sekunde 58.8 mwali wa moto ukaonekana mahali palepale. Ukalielekea tangi kubwa la haidrojeni na nguzo ya chini iliyoishika roketi, na kwenye sekunde ya 73 ikawa imekwisha.

Bilauri ya Feynman

Tarehe 11 Februari 1986, mbele ya tume na kamera za televisheni, mwanafizikia Richard Feynman alikibana kipande cha mpira wa pete kwa jiriwa dogo, akakitumbukiza kwenye bilauri ya maji ya barafu, kisha akakitoa na kulegeza jiriwa. Mpira haukurudi mara moja.

Ni moja ya maonyesho bora ya sayansi yaliyowahi kufanywa hadharani, na naliheshimu. Hata hivyo nadhani lilikumbukwa visivyo. Watu walikumbuka barafu. Mpira ukaingia barafuni, mpira ukaharibika. Lakini Feynman mwenyewe alizungumzia sekunde: alisema kwamba kwa sekunde chache na zaidi, kwenye joto la barafu, mpira ule hauna mrejeo. Angengoja zaidi, na mpira ukapata joto la chumba, ungerudi umbo lake salama salimini, kama alama ya kiganja kwenye godoro. Ripoti ya tume ilikadiria kwamba pete iliyobanwa yenye nyuzi 24 huitikia kwa wepesi mara tano kuliko yenye nyuzi 1 chini ya sifuri. Haikusema mara tano imara zaidi.

Mwaka 1964 Marcus Reiner, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya mtiririko wa maada, aliipa hoja hii jina. Alimkumbuka nabii Debora katika kitabu cha Waamuzi, ambaye katika wimbo wake, kwa Kiebrania, milima ilitiririka mbele za Mungu. Reiner alisema Debora alijua mawili: kwamba milima nayo hutiririka, na kwamba hutiririka mbele za Mungu kwa kuwa mwanadamu haishi muda wa kutosha kuiona. Namba ya Debora ni muda ambao maada inauhitaji kujipanga upya, ukigawanywa kwa muda inaopewa. Ikiwa ndogo, maada hufuata. Ikiwa kubwa, hukaa kama jiwe.

Namba hiyo huzima pia ile hadithi kwamba vioo vya makanisa ya kale ya Ulaya ni vinene upande wa chini kwa sababu vimechuruzika kwa karne nyingi. Mwaka 1998 Edgar Zanotto wa Brazili alikokotoa na kuonyesha kwamba kwenye joto la kawaida kioo kingehitaji muda mrefu kuliko umri wa ulimwengu. Vioo vile ni vinene upande mmoja kwa sababu ya namna vilivyotengenezwa. Karne nane kwa kioo ni muda mfupi mno, sekunde 0.6 kwa pete yenye nyuzi 2 chini ya sifuri nazo zilikuwa fupi mno.

Walichobadilisha

Kiungo kilisanifiwa upya. Ulimi uliongezwa mdomo mdogo wa kushika ukuta wa ndani, ili shinikizo likipanda mwanya usifunguke kama zamani. Ikaongezwa pete ya tatu. Puti ikaondolewa, mahali pake pakawekwa kinga iliyobandikwa na inayojikaza shinikizo linapopanda. Na kuzunguka kila kiungo pakafungwa mikanda ya umeme ya kupasha joto, ili pete zisishuke chini ya nyuzi 24 kabla ya kurushwa.

Mpira wenyewe ulibaki wa jamii ileile. Chombo cha Discovery kilirushwa nao tarehe 29 Septemba 1988, mikanda ikiwa imewashwa.